Deni kwa Mbwa wa Kulinganishia: Mjadala wa Nyegina Kuhusu Majaribio ya Tiba ya Moyo

Majaribio ya tiba kwa mbwa huzungumzwa mara nyingi kana kwamba yanazihusu maabara za Ulaya na Marekani peke yake, ilhali Mkoa wa Mara umo ndani ya historia ya majaribio hayo kwa zaidi ya robo karne, na Wilaya ya Musoma, ambayo Nyegina ni sehemu yake, iliwahi kushika nafasi iliyo ngumu kuliko zote katika utafiti wowote, yaani nafasi ya kulinganishiwa. Kwa sababu hiyo, swali la iwapo ni haki kuijaribu dawa ya peptidi kwa mbwa wenye moyo ulioshindwa linaweza kujadiliwa Nyegina kwa uzito ule ule linaojadiliwa nao katika vyuo vikuu, na pengine kwa uzito zaidi. Mjadala ufuatao umepangwa kwa sauti nne: mfugaji mzee, daktari wa mifugo, muuguzi wa zahanati na mtetezi wa ustawi wa wanyama. Hao si watu mahususi, bali ni hoja zilizopewa vinywa ili zipate kujibizana ana kwa ana.

Daktari wa mifugo anaanza kwa kueleza ugonjwa wenyewe, kwa kuwa jina lake humpotosha msikilizaji.

DAKTARI: Shikamoo, mzee. Moyo unaposhindwa hausimami. Huendelea kudunda, ila nguvu ya kusukuma damu imepungua kiasi kwamba maji hujikusanya mapafuni au tumboni. Mbwa mwenye hali hiyo hukohoa usiku, huchoka kabla ng'ombe hawajafika malishoni, na akiwa amelala fofofo pumzi zake huzidi 30 kwa dakika, jambo ambalo mwenye mbwa anaweza kulihesabu mwenyewe kwa kuutazama ubavu unavyopanda na kushuka.

MFUGAJI: Marahaba, daktari. Mbwa wa kukohoa na kuvimba tumbo wapo hapa. Sisi husema kala sumu, au kazeeka, au ana minyoo. Hakuna aliyewahi kusema ni moyo.

Jibu la mfugaji lina ukweli mwingi. Katika nchi tajiri, ugonjwa wa moyo unaoongoza kwa mbwa ni kuchakaa kwa vali, yaani milango midogo inayozuia damu isirudi ilikotoka, nao huwapata zaidi mbwa wa aina ndogo waliofikia uzee. Aina kubwa kama Doberman hupatwa na kutanuka kwa misuli ya moyo. Mbwa wa kijijini, kwa upande wake, mara nyingi hafiki uzee huo, kwa sababu kichaa cha mbwa, distempa, njaa, au nagana inayoletwa na ndorobo katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi humtangulia. Hata hivyo nagana yenyewe inaweza kuushambulia moyo, na minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu hukaa katika mishipa ya mapafu na kuuelemea upande wa kulia wa moyo. Moyo ulioshindwa si ugonjwa wa mbwa wa mjini tu, ingawa ni mbwa wa mjini anayepata kupimwa.

Kuhusu peptidi, maelezo yanahitajika kabla ya kuendelea. Protini zote za mwili zimejengwa kwa asidi amino, na peptidi ni mfuatano mfupi wa asidi hizo, mithili ya shanga chache zilizotungwa katika uzi mmoja. Insulini, dawa ya kisukari iliyozoeleka kuliko nyingine za aina hii, ina asidi amino 51. Elamipretidi, ambayo ndiyo iliyojaribiwa kwa mbwa wenye moyo ulioshindwa, ina nne tu, na udogo huo huiwezesha kupenya hadi ndani ya mitokondria, yaani vijumba vya seli vinavyozalisha nishati, ambako hujishikiza kwenye mafuta yanayoitwa kardiolipini na kuusaidia utando wa ndani usivurugike. Msuli wa moyo unafanya kazi usiku na mchana bila kupumzika, hivyo umejaa mitokondria kuliko misuli mingine, na hapo ndipo watafiti walipoona matumaini.

Jaribio lenyewe lilifanyika katika Henry Ford Hospital, Detroit, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Mbwa 14 walidhoofishwa moyo kwa kupulizwa chembe ndogo ndogo, mara kwa mara, ndani ya mishipa inayolisha msuli wa moyo, mpaka moyo ukashindwa. Kisha saba wakachomwa elamipretidi chini ya ngozi kila siku kwa miezi mitatu, na saba wengine wakachomwa maji ya chumvi. Kwa waliopata dawa, sehemu ya damu inayotolewa na chumba cha kushoto cha moyo kwa kila pigo ilipanda kutoka wastani wa asilimia 30 hadi asilimia 36. Kwa waliopata maji ya chumvi, haikupanda.

MTETEZI: Mzee asikie vizuri lililosemwa. Mbwa wale hawakuletwa wakiwa wagonjwa. Waliugua kwa mikono ya wale wale waliotaka kuwatibu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tangu mwaka 1959, Russell na Burch walipoandika kanuni zao za utafiti wa wanyama, kila mtafiti anatakiwa ajiulize mambo matatu: je, mnyama anaweza kubadilishwa na njia nyingine, je, idadi inaweza kupunguzwa, na je, maumivu yanaweza kupunguzwa? Mbwa 14 ni wachache, hilo likubaliwe. Lakini swali la kwanza halijibiwi kwa uchache.

DAKTARI: Na ipo njia nyingine, ambayo inastahili kutajwa ili hoja isielemee upande mmoja. Jaribio lililoitwa EPIC, lililochapishwa mwaka huo huo wa 2016, liliwahusisha mbwa 360 katika nchi 11, wote wakiwa na wenyewe, wote wakiwa na ugonjwa wa vali uliokuja wenyewe, na wenye mbwa wakiwa wameridhia. Dawa iliyopimwa, pimobendani, si peptidi; ni kidonge kinachoongeza nguvu ya msuli na kutanua mishipa. Nusu ya mbwa waliopewa dawa walipita siku 1,228 kabla ya moyo kushindwa au kuwaua, ilhali kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa nusu ilifikia siku 766. Hapo mbwa alijaribiwa kwa ajili ya mbwa.

MTETEZI: Basi hiyo ndiyo njia, na ile ya Detroit iachwe.

Tofauti hii ndiyo mgawanyiko mkubwa wa jambo zima, na wanaojadili majaribio ya wanyama kwa jumla mno huipita bila kuiona. Mnyama anaweza kuwa mgonjwa anayetibiwa katika hali ya majaribio, na anaweza kuwa kielelezo cha mgonjwa mwingine ambaye ni binadamu. Katika hali ya kwanza faida na hatari vimo katika mwili mmoja. Katika hali ya pili hatari imo katika mwili wa mbwa na faida inatarajiwa kwingine. Mtu anaweza kuzikubali zote mbili, lakini hawezi kuzitetea kwa hoja moja.

Muuguzi, ambaye hadi hapa amenyamaza, anaingia kwa upande wa binadamu.

MUUGUZI: Mtetezi, mdogo wangu, anayekuja zahanati akiwa amevimba miguu na hawezi kulala chali si mzee wa miaka 80. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa, ulikuta wastani wa umri ni miaka 55, na chanzo kikuu kikiwa shinikizo la juu la damu. Hao ni watu wenye watoto shuleni. Na kila siku anayeishi kwa insulini anaishi kwa kazi iliyofanyika Toronto mwaka 1921, kwa mbwa walioondolewa kongosho. Mwezi wa kwanza wa 1922 alichomwa mvulana wa miaka 14. Angeambiwa asubiri njia nyingine, angekufa.

MTETEZI: Dada, insulini ni hoja nzito, wala haikanushiki. Lakini elamipretidi si insulini. Wagonjwa 71 wenye moyo ulioshindwa walijaribiwa dawa hiyo kwa wiki nne, matokeo yakatoka mwaka 2020, na moyo haukupungua ukubwa kuliko kwa wale waliopewa dawa bandia. Mbwa wa Detroit walitoa ahadi ambayo mwili wa binadamu haukuitimiza.

DAKTARI: Wiki nne si miezi mitatu, na moyo uliodhoofishwa kwa makusudi ndani ya muda mfupi si sawa na moyo uliodhoofishwa na shinikizo la miaka 20. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha peptidi hiyo hiyo kwa ugonjwa adimu wa kurithi unaoitwa Barth, ambao kiini chake ni kasoro ya ile kardiolipini. Haikwenda bure, ila haikufika ilikotarajiwa.

Ubishi huu ungeweza kuendelea hivyo mpaka jua lizame ziwani, kila upande ukitoa dawa iliyofaulu na dawa iliyoshindwa. Mfugaji ndiye anayeupeleka pengine, kwa kuuliza jambo ambalo wenye elimu walilipita haraka.

MFUGAJI: Wale saba wa maji ya chumvi. Baada ya kuonekana kwamba dawa inafaa, walipewa?

Daktari anaeleza kwamba katika majaribio ya maabara ya namna ile, wanyama kwa kawaida huuawa mwishoni ili misuli ya moyo ichunguzwe kwa hadubini, wa dawa na wa maji ya chumvi sawia, na kwamba kundi la kulinganishia, yaani kundi lisilopata tiba inayopimwa, ndilo linalomwezesha mtafiti kusema kwamba nafuu imeletwa na dawa wala si na wakati, chakula au bahati. Mfugaji hakatai maelezo hayo. Anayajibu kwa historia ya Musoma.

MFUGAJI: Daktari, jambo la kulinganishia si geni hapa. Serengeti walipochanjiwa mbwa, Musoma tulikuwa wapi?

Historia hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni ya kweli na haifahamiki vya kutosha hata kwa wakazi wenyewe. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, iliwaingia simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi yao, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wakatajwa kuwa chimbuko. Ndani ya miaka michache baada ya hapo, kati ya 1996 na 2001, ilifanyika kampeni ya kuwachanja mbwa wa Wilaya ya Serengeti dhidi ya kichaa cha mbwa, huku watafiti wakiongozwa na Sarah Cleaveland wakipima matokeo. Theluthi mbili hivi ya mbwa walichanjwa. Visa vya kichaa kwa mbwa vilishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ya pili, na idadi ya watu waliohitaji tiba baada ya kuumwa nayo ikapungua. Ili ijulikane kwamba upungufu huo umeletwa na chanjo, matokeo yalilinganishwa na ya Wilaya ya Musoma, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo linaloitwa leo Wilaya ya Butiama, na ambako kampeni kama hiyo haikufanyika. Musoma hakukuonekana tofauti ya maana kati ya kipindi cha kabla na cha baada. Ripoti ilichapishwa mwaka 2003.

Lugha ya kitakwimu inasema "hakukuonekana tofauti ya maana", na ni lugha sahihi. Maana yake vijijini ni kwamba mbwa waliendelea kuugua kichaa, watoto waliendelea kuumwa, na safari za kutafuta sindano ziliendelea kama zamani, huku upande wa mashariki, Serengeti, mambo hayo yakipungua.

MUUGUZI: Na kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakuna kurudi. Makadirio yanayotumika ni kwamba Tanzania hufa watu wapatao 1,500 kwa mwaka, na karibu wote waliumwa na mbwa. Mzee anauliza swali la haki.

DAKTARI: Ni la haki, na jibu lake lisifichwe. Kichaa cha mbwa hupanda na kushuka chenyewe kila baada ya miaka kadhaa. Bila wilaya ya kulinganishia, mtu yeyote angesema Serengeti kimeshuka kwa zamu yake, na serikali isingekuwa na sababu ya kuigharamia chanjo popote. Musoma ilitoa ushahidi.

MFUGAJI: Hapo ndipo penye hoja. Aliyetoa ushahidi amesaidia kushinda kesi. Je, hukumu ilipotoka, aliitwa?

Hilo ndilo swali ambalo maadili ya utafiti yamelizunguka kwa miaka mingi bila kulikalia, na hapa mwandishi wa makala haya anaona kwamba mfugaji ana haki kuliko wote. Kundi la kulinganishia halitoi mchango mdogo kuliko kundi la tiba. Kwa hesabu linatoa nusu ya jibu, na kwa mwili linatoa zaidi, kwa kuwa linabeba ugonjwa wote bila nafuu yoyote. Kama mchango wake ni wa lazima, basi fidia yake nayo ni ya lazima, na fidia inayolingana na mchango huo ni moja tu: tiba ikithibitika, kundi hilo liwe la kwanza kuipata. Kwa mbwa wa Detroit jambo hilo halikuwezekana, kwa sababu jaribio lilijengwa likiishia kwenye vifo vyao, na huo ndio udhaifu mkubwa wa majaribio ya aina ile hata yanapofanywa kwa uangalifu. Kwa mbwa wenye wenyewe linawezekana, na kwa wilaya linawezekana zaidi.

Haki inadai pia kusemwa kwamba Mkoa wa Mara haukuachwa mikono mitupu. Ilipobainika kwamba kikwazo kikubwa cha chanjo vijijini ni mnyororo baridi, yaani ulazima wa kuiweka chanjo katika jokofu toka kiwandani hadi kwenye sindano, ilijaribiwa kwa mbwa wa Tanzania chanjo iliyohifadhiwa nje ya jokofu kwa makusudi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba chanjo ya kichaa iliyokaa miezi sita katika nyuzi 25 za Selsiasi, au miezi mitatu katika nyuzi 30, iliamsha kingamwili kwa mbwa bila kupitwa na ile iliyotoka kwenye baridi. Kutokana na ugunduzi huo, watafiti wa Kitanzania na wenzao walitengeneza chombo cha udongo kinachopoozwa na maji yanayovukiza, wakakiita Zeepot, na chanjo ikaweza kukaa kijijini kwa miezi badala ya kuja kwa gari mara moja kwa mwaka. Mtu aliyezoea siku ya chanjo, ambapo watoto hupanga foleni wakiburuta mbwa kwa kamba za katani, wengine wakiwa wamewabeba watoto wa mbwa kifuani, anaelewa tofauti iliyopo kati ya siku ile moja na chanjo inayopatikana wiki yoyote mtoto wa mbwa anapozaliwa. Utaratibu huo wa kuchanja mfululizo kwa kuwatumia watu wa hapo hapo umepimwa katika kata za Mara. Sehemu ya deni imelipwa kwa njia hiyo, ingawa haikuandikwa popote kwamba lilikuwa deni.

Kutoka hapo mjadala unarudi kwenye peptidi, na muuguzi anauliza ingekuwaje kama mtu angetaka kuijaribu Nyegina, kwa mbwa walio na ugonjwa wao wenyewe na kwa ridhaa ya wenye mbwa.

DAKTARI: Kwanza ingebidi mbwa apimwe moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na mashine hiyo na mtu wa kuisoma si vitu vya kupatikana kirahisi vijijini hata kwa binadamu. Pili, peptidi nyingi haziwezi kumezwa, kwa kuwa tumbo huzimeng'enya kama nyama. Huchomwa, tena kila siku. Mwenye mbwa angetakiwa kumshika mbwa, kuivuta ngozi ya shingo, na kuchoma sindano, asubuhi baada ya asubuhi, msimu wa kulima na msimu wa kuvuna. Tatu, peptidi huharibika kwa joto.

MUUGUZI: Hilo la joto tunalijua. Wagonjwa wa insulini wasio na jokofu huitunza kwenye chungu chenye maji.

MTETEZI: Na kama mbwa anakufa kwa kichaa na distempa, kwa nini apimwe moyo? Hiyo ni kumletea mwenye shida ya maskini dawa ya tajiri.

Hoja ya mtetezi hapa ina nguvu, lakini isipewe nguvu kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba shilingi ya kwanza ya afya ya mbwa wa Mara inapaswa kwenda kwenye chanjo, kwa sababu kiwango kinachotakiwa ili kichaa kikatike ni asilimia 70 ya mbwa, na mbwa huzaliwa na kufa upesi kiasi kwamba kiwango hicho hushuka ndani ya miezi. Si kweli kwamba kwa hiyo mbwa wa Mara hana haki ya kujulikana ugonjwa wake mwingine wowote. Maarifa ya moyo wa mbwa yaliyokusanywa kwa mbwa wa mijini ya Ulaya hayamhusu sana mbwa mwenye nagana na minyoo, na asipochunguzwa hapa hatachunguzwa kokote.

MFUGAJI: Basi waje. Lakini kabla ya kamba kufungwa shingoni mwa mbwa, mambo yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mbwa wa nani atachomwa dawa na wa nani atachomwa maji hilo lipigiwe kura ya bahati, tumekubali. Ila yule wa maji asitolewe kafara. Akibaki hai, dawa ikifaa, yeye ndiye aanze. Na asipopona yeyote, turudi kuambiwa hivyo hivyo, tusiachwe tukidhani.

Madai haya hayazidi uwezo wa sheria zilizopo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na dawa za mifugo, sawa na za binadamu, zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo mtafiti hapaswi kuipita. Kinachokosekana ni kifungu kimoja katika fomu ya ridhaa, fomu ambayo mara nyingi hueleza kwa urefu haki ya mtu kujitoa katika utafiti, lakini husema machache, au husema kwa kufichaficha, juu ya kinachowangoja waliobaki hadi mwisho wakiwa upande usiopata kitu. Kamati za maadili zinazopitia maombi ya utafiti wa wanyama na wa watu, iwe ni Morogoro, Dar es Salaam au Arusha, zinaombwa zisipitishe jaribio lolote katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama mpaka fomu hiyo itaje, kwa jina na kwa muda, siku ambayo kundi la kulinganishia litapewa tiba iliyothibitika, na nani atakayeilipia.